UZI: Kiwiko kikivunjika, kazi ya mpasuaji hatua kwa hatua (mtoto, mtu mzima, na risasi)

Bloku_Himbi (Goma) #1

Jambo sana kwenu wote. Uzi huu ni wa wauguzi, watu wa radio (picha za mifupa), watu wa kine (mazoezi ya viungo) na madaktari wa vituo vya mbali wanaopokea kiwiko kilichovunjika kabla hakijafika kwa mpasuaji wa mifupa. Kwa kiwiko nasema kifundo cha katikati ya mkono, kile wengine huita kisugudi. Jina hili huchanganywa na kifundo cha karibu na kiganja, kwa hiyo kwenye barua ya rufaa andikeni wazi.

Naanza na mtoto kwa sababu ndiye anayeweza kupoteza mkono ndani ya usiku mmoja. Anaanguka kutoka kwenye mparachichi au kwenye chukudu (baiskeli ya mbao), anatanguliza kiganja, kiwiko kinanyooka kupita mpaka wake, na ncha ya ulna (mfupa wa mkono wa chini, upande wa kidole cha mwisho) inakuwa kama mtaimbo dhidi ya humerusi (mfupa wa mkono wa juu). Pale juu ya kifundo humerusi ni nyembamba mno: mbele kuna shimo, nyuma kuna shimo, katikati kibamba tu cha mfupa. Ndipo unapokatikia. Umri hasa ni miaka 5 hadi 7. Kwa watoto zaidi ya 9 kati ya 10 kipande cha chini kinarudi nyuma, na ncha kali ya kipande cha juu inachomoza mbele kuelekea ateri ya mkono na neva ya kati.

Kabla ya radio na kabla ya plata (plasta ngumu ya kufungia mfupa), kiganja kichunguzwe. Shika mapigo ya damu penye kifundo cha kiganja upande wa kidole gumba. Bonyeza ukucha, achia, hesabu: rangi irudi kabla ya sekunde 2. Kisha neva, na mtoto wa miaka 5 anaweza kukujibu ukimgeuzia kuwa mchezo. Afanye duara kwa kidole gumba na cha shahada, ncha kwa ncha. Akishindwa kukunja zile ncha, tawi la neva ya kati limeguswa, nalo ndilo linaloumia mara nyingi zaidi. Ainue kidole gumba juu: hiyo ni neva ya radiusi (mfupa wa mkono wa chini, upande wa kidole gumba). Apanue vidole au avipishanishe: hiyo ni ya ulna. Andika matokeo na saa. Upungufu usioandikwa kabla ya upasuaji, kesho utahesabiwa kuwa umeletwa na broshi (pini nyembamba ya chuma ya kushikilia mfupa), na hakuna atakayejua ukweli.

Kadutu_Radio (Bukavu) #2

Asante mkubwa. Niongeze upande wa picha, maana picha mbaya inaleta uamuzi mbaya.

Mbili zinatosha kuanza: ya mbele na ya ubavu. Usimlazimishe mtoto kunyoosha kiwiko ili upate ya mbele. Weka mkono wa juu sambamba na kaseti, hata kama mkono wa chini umebaki umekunjwa. Kwenye ya ubavu, chora mstari kufuata ukingo wa mbele wa humerusi kushuka chini. Unatakiwa kupita katika theluthi ya kati ya kile kiini cha duara cha mfupa, kapitelumu. Ukipita mbele yake bila kukigusa, kipande kimerudi nyuma. Mstari mwingine unafuata shingo ya radiusi: kwa picha yoyote, kwa pembe yoyote, lazima uelekee katikati ya kapitelumu. Usipoelekea, kichwa cha radiusi kimetoka mahali pake, na hapo tafuta ulna iliyovunjika chini zaidi, yaani Monteggia. Piga mkono wote wa chini. Monteggia inayopitwa kwa mtoto ni kazi ngumu sana kuitengeneza baada ya miezi.

Viini vya mfupa vinatokea kwa utaratibu: kapitelumu karibu mwaka 1, kichwa cha radiusi 3, epikondili (nundu) ya ndani 5, troklea (kapi la mfupa ndani ya kifundo) 7, olekranoni (ncha ya kiwiko) 9, epikondili ya nje 11. Kwa msichana vinawahi kidogo. Faida yake ni hii: ukiona kitu kama troklea kwa mtoto wa miaka 6 huku kiini cha epikondili ya ndani hakipo mahali pake, hiyo si troklea. Ni epikondili iliyong'oka na kuingia ndani ya kifundo.

Na kivuli cheusi cha mafuta nyuma ya humerusi, hata kama huoni mstari wa kuvunjika, ni damu ndani ya kifundo. Mchukulie kama amevunjika, mfungie, rudia picha baada ya siku 10 hadi 14.

Bloku_Himbi #3

Sawa kabisa. Sasa uamuzi. Waliosoma kwa Kifaransa wanatumia ngazi 4 za mvunjiko za Lagrange na Rigault (1962). Vitabu vya Kiingereza vinatumia 3 za Gartland (1959). Lililo muhimu ni kama kipande kimesogea, na kama ukuta wa nyuma bado umeshika.

Hakijasogea: nusu plata ya nyuma, kutoka kwapani hadi penye mistari ya kiganja, kiwiko kwenye nyuzi 80 hadi 90, wiki 3 hadi 4. Radio tena baada ya wiki moja. Basi.

Kimeinama nyuma lakini ukuta wa nyuma umeshika: wengine wanarudisha na kufunga plata, wengine wanaweka broshi. Naegemea broshi, na sababu ni ya kimwili. Ili kipande hiki kikae bila chuma, lazima ukunje kiwiko kupita nyuzi 90, mara nyingi 120 kama katika njia ya Blount. Kwenye kiwiko kilichovimba, mkunjo huo unabana ateri. Broshi inakuruhusu kufunga mkono kwenye nyuzi 60 au 70, na damu inapita.

Kimeachana kabisa: kurudisha bila kupasua, kisha broshi kupitia ngozi, chini ya ampli (mashine ya radio inayoonyesha mfupa papo hapo). Hatua zenyewe:

Mtoto amelala chali, usingizi kamili wa dawa, bega ukingoni mwa meza. Msaidizi anashika mkono wa juu, wewe unavuta mkono wa chini kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Vuta kwa uthabiti dakika nzima au zaidi, usivute kwa mishtuko. Ngozi ya mbele ya kiwiko ikiwa imenywea kama kitovu, jua kwamba ncha ya mfupa imetoboa msuli wa brakiali. Usivute zaidi. Kamua msuli kwa vidole kutoka juu kushuka chini hadi usikie ncha inachomoka.

Kisha sahihisha ubavu kwa ubavu, na kuzunguka. Ndipo ukunje: kidole gumba chako kinasukuma olekranoni mbele huku mkono mwingine unapandisha kiwiko. Kipande kilichokwenda upande wa ndani, geuza kiganja kitazame chini. Kilichokwenda nje, geuza kitazame juu. Gamba la mfupa ambalo halijachanika ndilo linalokaza kama bawaba, na unachagua mgeuko unaolikaza. Vidole vya mtoto vikifika begani bila kukwama, dalili ni nzuri. Ukihisi kitu kinarudisha mkono kama mpira, na pengo limebaki kwenye picha, kuna kitu kimenaswa kati ya vipande: msuli, neva au ateri. Hapo acha kurudiarudia. Fungua.

Bloku_Himbi #4

Broshi: 1.6 mm kwa watoto wengi, 2.0 kwa mkubwa kidogo. Zote kutoka nje, yaani ubavu wa nje wa kiwiko, mbili kwa mvunjiko ulioinama, tatu kwa ulioachana. Zitawanyike, zisiende sambamba na zisipishane penye mvunjiko. Pale kwenye mstari wa kuvunjika umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho uwe angalau theluthi ya upana wa mfupa. Kila broshi itoboe ukuta wa pili. Ikiishia ndani ya uboho haishiki kitu. Ukihisi mashine imepita kwenye laini tu bila ugumu wa pili, rudisha.

Baada ya hapo nyoosha mkono chini ya ampli utazame pembe ya Baumann (kati ya shina la humerusi na mstari wa kukua wa kapitelumu), kawaida karibu nyuzi 70 hadi 75, lakini pima na mkono mzima wa mtoto huyo huyo, ndio kipimo cha kweli. Kunja broshi nje ya ngozi, weka gozi (shashi) chini ya mkunjo, nusu plata, wiki 3 hadi 4. Zinatolewa kliniki kwa koleo, bila usingizi.

Mpasuaji_Kamalondo (Lubumbashi) #5

Mkubwa Bloku, nakubali yote isipokuwa hilo la "zote kutoka nje". Mvunjiko ulioanzia juu ndani kushuka nje, au ule uliosagika ukuta wa ndani, broshi za nje peke yake zinaweza kuruhusu kipande kizunguke. Broshi zilizopishana, moja ya nje na moja ya ndani, zinazuia mzunguko vizuri zaidi. Mtoto akikaa na kiwiko kilichopinda kuelekea ndani, pembe hiyo hainyooki yenyewe akikua. Atakuja akiwa na miaka 12 kuomba kukatwa mfupa upya.

Bloku_Himbi #6

Docta, kuhusu nguvu uko sahihi, sibishi. Ninachoogopa ni neva ya ulna. Inapita nyuma kabisa ya epikondili ya ndani, na kwa mtoto aliyevimba huioni wala huigusi. Zaidi ya hayo, kwa watoto wengine kiwiko kikikunjwa neva inaruka mbele ya epikondili, mahali pale pale unapotaka kuingiza broshi.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu: broshi za nje kwanza, mbili. Mfupa ukishashika, nyoosha kiwiko hadi nyuzi 45 hivi ili neva irudi nyuma. Zungusha mkono chini ya ampli. Kama kipande hakizunguki, umemaliza. Kama kinazunguka, ongeza ya tatu ya nje. Kama bado, ndipo ya ndani, na kwa kupasua sm 1.5 hadi 2, kutenganisha nyama kwa koleo hadi kwenye mfupa, neva ikisukumwa nyuma kwa kidole gumba. Isiingizwe kupitia ngozi bila kuona. Mtoto akiamka na vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi, itoe broshi ya ndani mapema, usisubiri wiki 3.

Mpasuaji_Kamalondo #7

Kwa mpango huo tumekubaliana. Hasa hilo la kunyoosha kabla ya kuingia ndani: wengi wanaacha kiwiko kimekunjwa kabisa kwa sababu wanaogopa kipande kitatoka, na hapo ndipo neva inapochomwa.

Usingizi_Ndosho (Goma) #8

Nisimame kwenye damu kidogo, maana hapa ndipo watoto wanapopotezea mkono.

Mapigo hayapo lakini kiganja ni chekundu na cha moto: hiyo ni haraka, lakini usianze kupasua kutafuta ateri. Rudisha mfupa kwanza, weka broshi. Mara nyingi mapigo yanarudi yenyewe kwa sababu ateri ilikuwa imevutwa juu ya ncha ya mfupa. Kama hayarudi lakini kiganja kinabaki chekundu na ukucha unajaa damu, mtoto alazwe saa 24 hadi 48 akichunguzwa kila saa. Kiganja cheupe na cha baridi ni jambo lingine: bloku (chumba cha upasuaji) mara moja, na kama kimebaki cheupe baada ya mfupa kurudi, ateri ifunguliwe papo hapo kupitia mbele. Ateri inapotea pia baada ya kurudisha, ikinaswa kwenye mvunjiko. Kama mapigo yalikuwepo kabla, na baada ya broshi hayapo na kiganja ni cheupe, toa broshi, achia mfupa, tazama.

Uvimbe ndani ya misuli ya mkono wa chini ndio unaoleta mkono wa Volkmann, daktari aliyeuandika mwaka 1881: vidole vilivyojikunja na visivyofunguka tena. Kwa mtoto usingoje ganzi wala mapigo kupotea, hayo yanakuja mwishoni. Tazama mambo matatu: hatulii, ana hofu, na dawa ya maumivu aliyopewa saa 2 zilizopita haimtoshi tena. Nyoosha vidole vyake polepole. Akipiga kelele, fungua plata yote hadi kwenye ngozi. Pamba na bandeji zikatwe pia. Kupasua plata huku bandeji ya ndani imeganda kwa damu hakusaidii. Kama hatulii ndani ya muda mfupi, apasuliwe mkono wa chini kutoka kiwiko hadi kwenye kiganja, jeraha liachwe wazi, litazamwe tena baada ya saa 48. Ukiwa na kipimo cha shinikizo, tofauti ya 30 mmHg au chini yake kati ya shinikizo la chini la damu na la misuli inatosha kuamua. Huna kipimo? Dalili zinatosha. Misuli iliyokosa damu saa 6 hadi 8 hairudi.

Kwa upande wangu: mtoto mwenye mashaka ya neva au ya damu, usimpe ganzi ya kwapa inayodumu saa nyingi, utaficha kengele. Parasetamoli 15 mg kwa kilo kila saa 6, na mofini kwa kipimo. Ketamini peke yake hailegezi misuli. Mpasuaji akisema mfupa haurudi, wakati mwingine ni misuli iliyokaza, si mfupa.

Muuguzi_Rutshuru #9

Na kama hakuna ampli? Hospitali nyingi za huku zina radio tu.

Mpasuaji_Kamalondo #10

Ndugu, kuna njia tatu, na ya kuchagua inategemea uvimbe.

Ya kwanza, mtoto asiyevimba sana na mwenye mapigo: Blount. Rudisha kama alivyoeleza mkubwa, kunja polepole huku kidole chako kiko kwenye mapigo. Yakipotea, nyoosha hadi yarudi, kisha nyoosha nyuzi 10 zaidi, funga hapo kwa mkanda wa shingo na kifundo. Kama pembe hiyo iko chini ya 110 au 120, mfupa hautakaa. Usijidanganye, nenda njia nyingine.

Ya pili, mtoto aliyevimba sana: mvuto wa ngozi, mkono ukitundikwa kitandani, siku kadhaa hadi uvimbe upungue. Unapoteza muda wa kitanda lakini huui mkono.

Ya tatu, kufungua na kuweka broshi kwa macho. Ni njia halali kabisa, si aibu. Kupitia nje au mbele. Kutoka mbele unaona kilichonaswa na unaona ateri. Kwa mvunjiko uliorudi nyuma ndiyo naipenda. Nyuma, kwa kupasua trisepsi (msuli wa nyuma wa mkono wa juu), kunaleta ugumu zaidi wa kiwiko na kunagusa damu inayolisha troklea.

Isicheleweshwe kupita wiki moja. Kuanzia siku ya 10 hivi mfupa mpya umeshaanza, na kuuvunja kwa nguvu kunaleta mfupa ndani ya misuli. Hapo bora kuacha upone ulivyo, na kusahihisha pembe baadaye kwa kukata kabari upande wa nje.

Bloku_Himbi #11

Neno moja juu ya kondili ya nje (sehemu ya chini ya humerusi, upande wa nje), maana inafanana na mvunjiko ule wa juu ya kifundo na watu wanaitendea sawa, kumbe ni ugonjwa mwingine. Mvunjiko unapita ndani ya kifundo na kwenye gegedu la kukua. Chini ya mm 2 za pengo: plata, lakini radio kila wiki kwa wiki 3 za mwanzo, kwa sababu misuli ya mkono wa chini inaendelea kukivuta kipande. Radio isiwe ya mbele tu. Geuza mkono kuelekea ndani kidogo, pengo linaonekana vizuri zaidi hapo. Zaidi ya mm 2, broshi. Kama kipande kimezunguka au pengo limepita mm 4, fungua kutoka nje na urudishe uso wa gegedu kwa macho. Usimenye nyama ya nyuma ya kipande: damu yake inaingilia huko, na ukiikata kipande kinakufa. Broshi zikae wiki 4 hadi 6, kifundo hiki kinaunga polepole. Kisipoungana, kiwiko kinapinda nje mwaka hadi mwaka, na neva ya ulna inavutwa hadi vidole vinadhoofika miaka mingi baadaye.

Kadutu_Radio #12

Tafadhali twende kwa mtu mzima pia. Motari (dereva wa pikipiki) akianguka mara nyingi anapiga ncha ya kiwiko chini.

Mpasuaji_Kamalondo #13

Ncha ya kiwiko, olekranoni. Jaribio la kwanza: anyooshe kiwiko akishindana na uzito wa mkono wake. Akishindwa, trisepsi imekivuta kipande juu, na plata haitakirudisha.

Mvunjiko wa kukata moja kwa moja, vipande viwili safi: broshi mbili na waya wa nane. Broshi za 1.6 au 2.0 mm, sambamba, kutoka ncha, zikishika ukuta wa mbele wa ulna. Zisipite huko zaidi ya milimita chache: zikipita zinazuia kiganja kugeuka na zinaweza kugusa neva. Toboa tundu la mm 2 kwa upana wa ulna, karibu sm 4 chini ya mvunjiko, mm 5 kutoka ukingo wa nyuma. Waya wa chuma wa mm 1.0 unapita tunduni, unapishana mgongoni kama namba 8, na juu unapita chini ya nyuzi za trisepsi, ukigusa mfupa na broshi. Ukipita juu ya trisepsi, nyama itakatika baadaye na waya utalegea. Kaza kwa visokoto viwili, kimoja kila upande, upate mkazo sawa. Kunja ncha za broshi nyuzi 180, zipige zizame chini ya trisepsi, ushone juu yake. Hata hivyo waya na broshi hizi zinasumbua ngozi kwa wengi na hutolewa baada ya mfupa kuungana. Mwambie mgonjwa mapema, aandae.

Kosa ninalolikemea: kutumia waya wa nane kwenye mfupa uliosagika. Waya unakaza, vipande vinaingiliana, ule mdomo wa ulna unakuwa mdogo, humerusi haikai tena ndani yake. Uliosagika, wa mshazari, au unaoshuka kupita koronoidi (mdomo wa mbele wa ulna) unataka plaki (bamba la chuma) mgongoni mwa ulna. Kwa mzee sana asiyefanya kazi nzito, kutopasua kabisa kunakubalika: kitambaa shingoni siku chache, kisha ajisogeze.

Humerusi ya chini ya mtu mzima, iliyopasuka kuingia kwenye kifundo, ndiyo upasuaji mgumu kuliko yote hapa. Amelala ubavu, mkono unaning'inia juu ya mto, garo (mkanda wa kuzuia damu) 250 mmHg isizidi saa 2. Kata nyuma, ukizunguka ncha ya kiwiko kidogo. Neva ya ulna itafutwe kwanza, ukingoni mwa trisepsi upande wa ndani, iwekewe kamba laini isiyokazwa, na kwenye ripoti uandike umeiacha wapi. Atakayefungua tena atakushukuru. Kama uso wa kifundo umepasuka vipande, kata olekranoni kwa umbo la V, ncha ya V ikitazama chini, msumeno hadi karibu na gegedu na patasi kumalizia. Toboa tundu la visi (skrubu) kabla hujakata, ndipo itarudi mahali pake.

Kisha jenga kifundo kwanza: vipande vya troklea na kapitelumu vishikwe kwa broshi, halafu visi vya kupita upande kwa upande. Kama katikati pamesagika, usikaze kwa kubana, utapunguza upana wa troklea. Baada ya hapo unganisha kifundo na shina kwa plaki mbili za visi vya mm 3.5, moja kila nguzo, ama zikitazamana ama moja ndani na nyingine nyuma ya nje. Plaki moja haitoshi. Plaki nyembamba za theluthi ya duara pande zote mbili hazitoshi pia. Zinapinda au kuvunjika kabla mfupa haujaungana. Visi vya chini viwe virefu, vipite hadi kipande cha upande wa pili, visiingie kwenye shimo la olekranoni. Ukimaliza kunja na nyoosha mezani. Kikikwaruza au kikikwama, tafuta visi kilichotokeza sasa hivi, kabla hujafunga.

Bloku_Himbi #14

Kichwa cha radiusi kwa ufupi: kikipasuka bila kusogea mm 2, toa damu ya kifundo kwa sindano, kitambaa siku chache, aanze kukisogeza. Kikizuia kiganja kugeuka, visi vidogo. Kikiwa zaidi ya vipande vitatu, badala ya kuchomeka visi vinavyokwenda kuachia, kiungo cha chuma kikiwepo. Kisipokuwepo, kukitoa kunaruhusiwa tu kama ligamenti (kano zinazounga mifupa) za kiwiko na za mkono wa chini ni nzima. Ukikitoa kwenye kiwiko kilichoteguka na koronoidi imevunjika, umeondoa nguzo ya mwisho. Ukipasua kutoka nje, kiganja kitazame chini muda wote, tawi la nyuma la neva ya radiusi linasogea mbali.

Kine_Katuba (Lubumbashi) #15

Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu kazi nzuri ya bloku inaharibikia nyumbani.

Mtu mzima aliyewekwa plaki aanze kusogeza ndani ya siku chache za kwanza, jeraha likiwa limetulia. Ajisogeze yeye, kwa misuli yake, mara 4 hadi 5 kwa siku, dakika 10, akisaidiwa na uzito wa mkono wake mwenyewe. Kiwiko cha mtu mzima kilichofungwa zaidi ya wiki 3 kinaganda. Lengo la maisha ya kila siku ni kutoka nyuzi 30 hadi 130, na kiganja kugeuka 50 kila upande. Akifika hapo anakula, anafunga vifungo, anabeba. Aliyekatwa olekranoni au kuwekewa waya wa nane asinyanyue uzito wala kusukuma kwa wiki 6 hadi mfupa uonekane umeungana.

Mtoto hahitaji kine. Anacheza, kiwiko kinarudi chenyewe, kwa wiki na miezi. Na kwa wote, mtoto na mkubwa: hakuna kukanda kiwiko kwa mafuta na maji ya moto, hakuna kuvuta kwa nguvu, hakuna kubeba ndoo ya mchanga ili kinyooke. Nguvu inaleta damu mpya ndani ya misuli, na damu hiyo inageuka mfupa. Akina mama na bibi wanakanda kwa upendo, kwa hiyo waelezeni kwa heshima siku ile ile ya kutoka hospitali. Na banzi za mwanzi zinazofungwa kwa mkazo na waunga mifupa: hazipanuki mkono ukivimba. Kwa kiwiko zinaua mkono.

Usingizi_Ndosho #16

Kiwiko cha risasi au kilichotoka nje ya ngozi: antibiotiki ndani ya saa 1, sefazolini 2 g kwa mtu mzima, 30 mg kwa kilo kwa mtoto, na kinga ya pepopunda. Bloku: kata nyama iliyokufa, toa vipande vya mfupa visivyoshikwa na nyama, osha kwa maji ya chumvi lita 3 hadi 9 kulingana na ukubwa wa jeraha. Usishone siku hiyo. Fiksata ya nje (fremu ya chuma iliyo nje ya ngozi) kutoka humerusi hadi ulna, visi vya humerusi viwekwe kwa kupasua na kuona mfupa, kwa sababu neva ya radiusi inazunguka pale nje. Siku ya 4 au 5 fungua bandeji bloku, na kama ni safi, funga. Plaki ndani ya jeraha chafu ni kupanda usaha.

Muuguzi_Rutshuru #17

Asanteni sana wakubwa. Swali la mwisho: mtoto yuko kisiwani Idjwi au milimani Masisi, saa kadhaa kabla ya kufika. Tufanye nini njiani?

Bloku_Himbi #18

Usimvute. Mfunge kama ulivyomkuta, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, nyuzi 30 au 40, kwa banzi ya nyuma yenye pamba na bandeji isiyokazwa, vidole vyote vikionekana. Ondoa bangili na pete. Kama kiganja ni cheupe, na ni hapo tu, nyoosha mkono taratibu kuelekea mstari wake hadi rangi irudi, ufunge hapo hapo.

Asile wala kunywa kama safari ni fupi. Ikiwa ndefu, maji safi kidogo anaweza kunywa hadi saa 2 kabla ya usingizi. Parasetamoli kwa kilo zake. Kwenye mtumbwi au kwenye gari mkono uwe usawa wa moyo, juu ya nguo iliyokunjwa. Kila dakika 30 mtazame rangi ya kucha na mwambie afanye lile duara. Kwenye barua andika saa aliyoanguka, saa aliyokula, mapigo yalikuwepo au la, na kila neva peke yake. Na pigeni simu kabla hamjaondoka, bloku ianze kuchemsha vyombo mkiwa bado njiani.